Kisanduku cha Tarehe

11 Februari

Mjukuu wangu mpendwa,

Kabla ya salamu, maana nikianza na salamu najijua nitaishia kwenye salamu: mguu wangu wa kushoto haukuumia ngazini kama nilivyowaambia. Sikujikwaa wala sikuteleza. Damu iliganda ndani ya mshipa, nyuma ya goti, nikatibiwa kwenye zahanati ya mbali ambako hakuna anayenijua. Sikumwambia mama yako, sikumwambia daktari wa utafiti, na wewe sikukuambia. Sasa nimekuambia.

Baada ya hapo, hujambo? Sisi huku hatujambo. Mama yako ameninyang'anya chumvi na ananitazama nikila kama askari wa gereza. Paa la jikoni limezibwa. Kiti changu kimehamishiwa dirishani, eti nipate hewa, ingawa najua ni ili anione akiwa kwenye sinki. Jirani wa juu amenunua tarumbeta na hajui kuipiga.

Moyo wangu umechoka. Hayo ni maneno ya daktari, na aliyasema kwa upole huku akiandika. Zamani alikuwa akinipangia miadi ya miezi sita mbele. Siku hizi ananipangia ya wiki mbili, na tukiagana anasema "tukijaliwa", neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nimekagua mizani ya wenye maduka miaka thelathini na mmoja, mjukuu wangu. Najua mshale unavyotembea unapoirudia sifuri.

Nakuandikia kwa sababu mama yako ameniambia daktari wako anafikiria kukuongezea dozi. Kidonge unachomeza ndicho ninachomeza, kwa ugonjwa uleule, na anayemeza kidonge changu ana haki ya kujua yaliyonipata. Mwambie daktari wako kwamba katika ule utafiti wa miaka mingi yupo mzee mmoja ambaye damu yake iliganda, na hayumo kwenye hesabu zao.

Vaa viatu vizito ukiwa kazini.

Babu yako

—

2 Machi

Babu, mume wangu mkongwe,

Shikamoo. Sikupigi simu makusudi. Kwenye simu nikikuuliza jambo usilolipenda unasema "sikusikii, sikusikii," na kesho yake unamsimulia mama neno kwa neno. Kwenye barua huwezi kujifanya kiziwi.

Mimi mzima. Barua yako niliisoma nimesimama karibu na pipa la gundi, nikairudia nimekaa. Bado niko kwenye ubandikaji wa majalada. Msimamizi wetu, yule tunayemwita Mkasi, amenikataza katakata kugusa mashine ya kukatia karatasi. Anasema kidole cha mtu mwingine kikikatika ni ajali, changu kikikatika ni msiba, maana damu yangu haijui kusimama. Nimemwambia siku hizi inajua kidogo. Mwezi uliopita chembe za kugandisha damu zilikuwa elfu arobaini, na ulipoanza ugonjwa nilikuwa na elfu sita. Daktari wa kiwanda anataka elfu themanini ndipo anirudishie mashine yangu. Miaka saba nilikata karatasi kwa ile mashine, Babu. Naijua kwa sauti yake. Sasa anaiendesha mtu anayepiga miayo.

Nilikasirika, kisha nikaogopa, kisha nikakasirika tena. Unakumbuka tarehe 9 Juni mwaka juzi? Mimi nakumbuka, kwa sababu keshokutwa yake nilitia saini ya kukubali kuanza dawa, na nakala ya karatasi iko kwenye droo yangu. Nilisafiri siku nzima kuja kwako. Ulikuwa umejilaza, nikakaa ukingoni mwa kitanda, miguu yangu imejaa vidoa vyekundu kama nimeumwa na siafu. Daktari alikuwa amenieleza mengi kuhusu ini, macho, uboho na damu kuganda, na sikutaka kusikia la daktari. Nilikuuliza wewe: "Babu, dawa hii ni salama?" Ukasema, "Miaka minane, mjukuu wangu, na hata kichwa hakijaniuma." Nikarudi nikatia saini.

Kwa hiyo niambie mambo matatu. Mguu ulianza lini? Umemwambia Bi Sindano, muuguzi wa utafiti wenu? Na unauma kiasi gani, ukweli, si ule wa kumwambia mama?

Mimi, mke mwenza wa marehemu bibi

—

20 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku ambayo mama yako alikuwa ameamua kupanga kabati langu, kwa hiyo iliniokoa. Tarumbeta ya jirani imepata wimbo mmoja, nusu yake. Mama yako anakusalimu na anasema ule mboga za majani. Anasema hivyo kwa kila mtu sasa, hata kwa msomaji wa mita ya maji.

Mguu unauma jioni, kama jino. Asubuhi unanisahau. Huo ndio ukweli.

Ulitaka kujua nilivyouficha. Soksi ndefu, basi. Bi Sindano huja kila baada ya miezi mitatu na kisanduku chake cha bluu, ananitoa damu, anasikiliza kifua, anaangalia macho, ananiuliza maswali ishirini na mawili yaleyale. Swali la kumi na nne ni kama nimepata uvimbe au maumivu ya mguu. Huwa analiuliza huku anabandika jina langu kwenye kichupa, na mimi huwa nalijibu nikiangalia dirishani. Tumezoeana mno. Miaka kumi ananitoboa mkono na kunisimulia habari za shemeji zake. Mtu wa namna hiyo humdanganyi kwa ubaya, unamdanganya kama unavyomwambia mpishi kwamba umeshiba.

Nimekumbuka jambo la kazini. Palikuwa na muuza nafaka mmoja aliyebandika nta chini ya sahani ya mizani, kipande kidogo kama ukucha. Miezi yote niliyompima nilimkuta yuko sawa, kwa sababu alikuwa akiibandua kila akisikia pikipiki yangu. Siku nilipokuja kwa miguu nikaikuta. Akaniambia, "Mzee, ungeuliza ningekwambia." Nilimwandikia adhabu nikicheka. Katika miaka ile yote hakuna hata mmoja aliyewahi kunifuata kwa hiari yake na kusema njoo uone nta yangu. Siku hizi namfikiria sana mtu yule.

Bi Sindano nitamwambia. Niachie nipate siku nzuri.

Bibi yako wa zamani, kabla akili haijaanza kumponyoka, angekushonea glavu za kazini. Ulijua kwamba alikuwa akishona bila kuvaa miwani?

Babu

—

14 Aprili

Babu,

Shikamoo. Umeniandikia nta, soksi, tarumbeta na miwani ya bibi. Tarehe haimo. Nimeitafuta ukurasa mzima hadi nyuma ya bahasha.

Huku ni kazi tu. Tunajalidi kamusi elfu nne, na mikono yangu inanuka gundi hata baada ya sabuni mbili. Yule anayepiga miayo amekata rundo zima kimshazari, likatupwa. Mkasi alinitazama, mimi nikatazama dari.

Nimekwenda na barua yako kwa daktari. Ni mwanamke mtulivu, hana haraka. Alinipa kijitabu cha utafiti wenu, kile wanachowapa wagonjwa. Kinasema watu mia tatu na wawili wamefuatiliwa miaka mingi, na kati yao kumi na tisa damu iliganda. Ini, wachache zaidi, na wengi likapona dozi ilipopunguzwa. Nikamwambia kumi na tisa si kweli, ni ishirini, mimi namjua wa ishirini na ananiandikia habari za tarumbeta. Hakucheka. Alisoma barua yako polepole akauliza kitu ambacho mimi sikukifikiria: nini kilibadilika? Mtu anameza dozi ileile miaka mingi, damu yake imetulia, kisha siku moja inaganda. Alisema lazima kuna kitu kilibadilika, na bila kukijua hawezi kunipimia mimi kwa kutumia wewe.

Sasa nisikilize. Miadi yangu ni tarehe 6 Mei. Niko kwenye miligramu hamsini. Daktari anasema naweza kubaki hapo, au kupanda hadi sabini na tano, kipimo cha juu kabisa, nikijua kwamba chembe zikizidi sana ndipo damu hupenda kuganda. Ameniachia niamue. Nami nimeamua kupanda. Wewe umemeza sabini na tano miaka yote ile na mwili wa mzee, na kilichokupata ni mguu mmoja uliopona. Mimi nina miaka thelathini na minne. Daktari anasema ugonjwa huu si wa kurithi, kwamba imetokea tu mimi na wewe, lakini mimi nina hakika tumbo nimerithi lako. Nataka mashine yangu, Babu. Sitaki kufa nikibandika majalada.

Kama kuna lolote la kunizuia, liandike sasa. Na unieleze ilikuwa lini.

Mimi

—

25 Aprili

Mjukuu wangu,

Nimemwagiza mama yako akupigie simu akuambie neno moja tu, kwamba usipandishe dozi kabla hujasoma barua hii. Sikumwambia kwa nini. Amenuna, na ana haki.

Daktari wako ameuliza swali la mkaguzi. Ningempa kazi. Kilichobadilika ni maziwa.

Siku ya kwanza kabisa ya utafiti, Bi Sindano alitukalisha mimi na bibi yako, akatueleza: kidonge hiki na maziwa havikai pamoja. Kalsiamu iliyomo kwenye maziwa huikamata dawa tumboni na kupita nayo, isiingie kwenye damu. Meza kwa maji, kisha kaa saa nne bila maziwa. Alinipa na daftari. Kila asubuhi naandika saa niliyomeza, na pembeni pana swali: mbali na maziwa? Unatia alama ya ndiyo au hapana.

Miaka miwili nilimeza hamsini kwa maji, na nilikuwa mzima. Kisha bibi yako akaanza kupotea. Wewe ulimwona kidogo kidogo, ulipokuja likizo. Sisi tulimwona kila siku. Kwanza alisahau sufuria motoni, kisha akasahau barabara ya sokoni, kisha akamwita mama yako "dada wa kufua". Lakini asubuhi aliamka kabla yetu sote, akapasha maziwa, akaja nayo kwenye glasi ile yenye mistari ya bluu, kidonge kwenye kisosi. Kopo la vidonge alilificha mwenyewe na hakuna aliyelipata. Aliniwekea kidonge kiganjani, akanipa glasi, akasimama. Alikuwa anasema, "Kunywa, usije ukatoka damu." Jina langu alikuwa hana. Lakini kwamba mimi ni mtu wa kutoka damu, hilo alikuwa nalo.

Siku moja nilichukua maji badala ya maziwa. Nilimweleza kwa utaratibu, kama mwalimu. Alibaki ameishika glasi kwa mikono miwili, akaniuliza, "Nimekosea nini?" Alikaa jikoni akilia hadi mchana, na kufika mchana alikuwa hajui tena analilia nini, lakini aliendelea. Kesho yake alipokuja na maziwa nikayanywa. Siku nyingine nilijaribu kuficha kidonge shavuni. Alinifungua kinywa na kukagua kama anavyokaguliwa mtoto. Alikuwa mkaguzi mzuri kuliko mimi.

Utasema, Babu, si ungemwambia daktari. Angebadilisha saa ya kumeza, angempa mama yako kopo, na bibi yako angebaki na glasi mkononi na hana wa kumpa. Lilikuwa jambo la mwisho alilokuwa anajua kulifanya. Sikuwa tayari kumnyang'anya.

Chembe zangu zikashuka, bila shaka. Wakashangaa, wakanipandisha hadi sabini na tano. Hapo nikatulia. Wakaandika kwamba mzee anavumilia kipimo cha juu vizuri sana. Mjukuu wangu, mzee hakuwa anapata kipimo cha juu. Alikuwa anapata kilichobaki baada ya maziwa. Na kila asubuhi, miaka sita, niliandika saa niliyomeza, na kwenye lile swali la pembeni nikatia alama ya ndiyo. Mimi, niliyewapiga wenye maduka muhuri mwekundu kwa nta ya ukubwa wa ukucha.

Bibi yako alipofariki, maziwa yakakoma. Sikukaa nikafikiri. Nilimeza kwa maji kwa sababu hakuna aliyeniletea kitu kingine, na sabini na tano ikaingia yote kwa mara ya kwanza. Chembe zilizokuwa elfu sabini zikaruka hadi laki tano na nusu. Bi Sindano alinipigia simu kuniambia nisubiri wapime tena. Baadaye mguu ukavimba.

Na baada ya mguu, badala ya kusema, nilianza kupasha maziwa mwenyewe. Glasi ileile. Chembe zikashuka, wakaridhika, dozi haikuguswa. Nilikuwa muuzaji aliyeweka kidole kwenye sahani.

Kwa hiyo usipime mwili wako kwa miaka yangu. Miaka hiyo haina uzito ulioandikwa juu yake. Mpe daktari barua hii yote, hata sehemu ya bibi yako.

Babu

—

19 Mei

Babu yangu,

Shikamoo, na pole, na nimekumis, kwa mpangilio wowote utakao.

Mama alipiga simu kwanza. Alisema, "Babu yako anasema usimeze kitu mpaka usome, na sijui kama anaumwa au anatutisha tu." Barua ikafika tarehe 4. Niliisoma kwenye ngazi za nyumba yangu, na mpangaji wa chini alipita mara mbili na mara ya pili akaniletea kikombe cha maji bila kuuliza.

Sikupanda. Daktari alisoma barua, akavua miwani, akasema ile sabini na tano yako kwa hesabu yake ilikuwa ikifika mwilini kama thelathini hivi, na kwamba aliyekufanya uishi miaka ile bila madhara ni mke wako na si dawa. Kisha akasema asingetaka wagonjwa wengine wajaribu njia hiyo. Nimebaki na hamsini. Chembe zimefika elfu hamsini na mbili. Anapima kila mwezi, na anasema kwa mwili wangu polepole ndiyo usalama. Ukweli ni kwamba nilipomuuliza kama ningepanda ingekuwaje, alisema labda ningekuwa salama kabisa, na labda nisingekuwa.

Mashine wamempa mpiga miayo rasmi. Nililia siku moja. Kisha Mkasi, kwa njia yake ya kujifanya hana huruma, akanipeleka chumba cha nyuma kwa yule mama anayeshona vitabu kwa mkono. Vitabu vya kumbukumbu, vile vizito, haviwezi kushonwa kwa mashine. Ana sindano butu ya kunifundishia. Amesema nina mkono mzuri, na aliyenifundisha kushika uzi alijua kazi. Nikamwambia alikuwa anashona bila miwani.

Kuhusu maziwa sina la kukusamehe. Ningeyanywa na mimi. Nimejaribu kukukasirikia kwa hilo nimeshindwa. Kila nikijaribu namwona bibi ameshika glasi.

Lakini utafiti lazima wajue, Babu. Si kwa ajili yangu, mimi nimeshajua. Wako watu mia tatu mle, na nyuma yao wako wengine kama mimi wanaosoma kile kijitabu. Nimempigia Bi Sindano mwenyewe. Nilimwambia tu kwamba una jambo. Atakuja wiki ijayo na fomu.

Na "baadaye" ni neno la mtu anayefunika sufuria. Baadaye lini? Najua ni baada ya Juni ile, baada ya mimi kuanza, na labda uliogopa kunishtua nikiwa nimeshaanza. Hilo naweza kulielewa. Niandikie tu tarehe nilifunge jambo hili, nirudi kukutania kuhusu meno.

Mjukuu wako, fundi mwanafunzi

—

3 Juni

Mjukuu wangu mpendwa,

Sasa naandika kwa vipande. Mama yako ananiwekea ubao mapajani na kunipa dakika ishirini, kisha anachukua kalamu. Tarumbeta imenyamaza. Jirani amekuja kuuliza kama inanisumbua, nikamwambia arudie, nataka kujua wimbo unaishaje. Nimefurahi kwa habari ya sindano. Nimefurahi kiasi kwamba mama yako alidhani nimepata homa.

Bi Sindano alikuja. Nilimwambia yote, tangu kisosi hadi zahanati ya mbali, na dawa za kuzuia damu isigande nilizomeza miezi mitatu bila yeye kujua. Hakunifokea. Aliweka kalamu chini akasema, "Miaka kumi nakuuliza swali la kumi na nne nikibandika karatasi kwenye kichupa. Ningekuangalia usoni mara moja tu." Nikamwambia kosa si lake. Akasema anajua si lake, lakini ataanza kuangalia watu usoni. Atayarudia maswali ya maziwa kwa wagonjwa wake wote, na sasa ataandika jina la anayewaletea glasi. Kijitabu kijacho kitasema ishirini. Na miaka yangu sita ya kipimo cha juu wataitoa kwenye hesabu, yote. Nilidhani itaniuma. Niliona mwili umekuwa mwepesi.

Mama yako alikuwa mlangoni, alisikia. Akaenda jikoni, akaosha ile glasi ya mistari kwa muda mrefu kuliko glasi inavyohitaji. Aliporudi alisema, "Na mimi ndiye niliyekuwa nanunua maziwa." Tulicheka, mjukuu wangu, sote watatu, hadi Bi Sindano akanipima mapigo.

Fomu imejazwa isipokuwa kisanduku kimoja, kinachouliza tatizo lilianza tarehe gani. Nilimwomba aniachie. Nilimwambia kuna mtu anayestahili kuiona tarehe hiyo kabla ya serikali na madaktari. Bi Sindano haachi fomu kwa mgonjwa, lakini hii aliiacha. Iko hapa mezani, chini ya miwani ya bibi yako. Ataifuata keshokutwa.

Umeniuliza mara tatu. Mara zote nilikupa kitu kingine, na vingine vilikuwa vizuri, hadithi ya nta ilikuwa nzuri. Hata maziwa nilikupa kwa sababu yalikuwa na bibi yako ndani yake, na nilijua ukimwona yeye utanisamehe. Umenisamehe. Kwenye jambo hili bibi yako hayumo. Alikuwa ameshazikwa, na hakuna glasi niliyokuwa namlindia mtu.

Naweza kukupa sababu nzuri. Ulikuwa na elfu sita. Ulikuwa umetoka damu puani saa nzima ndani ya basi, ulikuja na kitambaa kimelowa mkobani ukidhani sikukiona. Niliogopa utakataa dawa, na ugonjwa ule ungekuua kabla ya dawa kukudhuru. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba ulinitazama kama mtu asiyekosea kipimo, na sikutaka uache kunitazama hivyo. Ilinichukua muda mfupi sana kuchagua. Sikukohoa hata kidogo kujipa muda.

Natia saini hapa, kabla ya jambo lenyewe, ili nikishaliandika nisipate nafasi ya kulipamba. Mwalimu wako wa kushona mshukuru kwa niaba yangu. Meza kidonge chako kwa maji. Ukikasirika, kasirika kwa muda unaotaka, usiharakishe kwa sababu ya moyo wangu. Nimekupenda tangu ulipokuwa unalala kifuani kwangu na kunilowesha shati.

Babu yako

Mguu ulivimba tarehe 31 Mei mwaka juzi. Ulipokaa ukingoni mwa kitanda changu tarehe 9 Juni ukaniuliza kama dawa ni salama, damu ilikuwa na siku tisa imeganda nyuma ya goti, na mimi, nilipokusikia ukipanda ngazi, nilikuwa nimejifunika blanketi ili usiuone.